Mama Aliyemrarua Mwanawe: Uchambuzi wa Kisa cha Jina la Chapa ya Vikapu vya Mkonge, Tanga

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wanawake wasukaji wa jijini Tanga ambao walitafuta jina la chapa na la tovuti katika visasili vya kale, wakalipata, wakalilipia, kisha wakalazimika kuliacha. Majina ya watu, jina ambalo kikundi kinatumia leo na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa kwa makubaliano nao. Majina yaliyokataliwa nimeyaacha kama yalivyokuwa, kwa sababu mafunzo ya kisa hiki yamo humo. Nilikuwa mshauri wao, na kosa moja kati ya yatakayoelezwa ni langu.

Usuli

Kikundi kina wanawake 11, wengi wao wakazi wa Ngamiani, na kinaongozwa na mama wa makamo ambaye hapa nitamwita Bi Mwenyekiti. Marehemu baba yake alikuwa karani katika shamba la mkonge nje ya mji, kwa hiyo alikulia jirani na korona, mashine inayoponda majani ya mkonge na kuacha singa, na mpaka leo akishika fungu la singa hulipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada mara moja tu, akakwambia kama limepigwa brashi vizuri au la. Hununua singa, huzitia rangi, na pamoja na wenzake husuka mikoba, mazulia madogo na kapu la kulalia mtoto mchanga. Kapu hilo ndilo lililowapatia sifa: ni refu kiasi cha mkono wa mtu mzima, lina mishikio miwili iliyosokotwa mara tatu, na ukingo wake umevishwa kanga ili singa zisimchome mtoto shavuni.

Kwa miaka mingi bidhaa hizo ziliuzwa bila jina. Mtu aliagiza “kapu la Bi Fulani” na akafikishiwa. Hali ilibadilika pale mwenye duka la vifaa vya watoto wachanga huko Ulaya, aliyekuwa amenunua makapu manne alipokuja matembezini, alipoandika kwamba angependa kuagiza zaidi endapo kikundi kingekuwa na vitu vitatu: jina, lebo na tovuti. Bi Mwenyekiti alimkabidhi kazi hiyo mtoto wa kaka yake, kijana aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, mwenye bidii na mwenye kumpenda shangazi yake.

Jina la kwanza

Kijana alianza kwa kuangalia chapa kubwa za dunia, akaona kwamba nyingi zimechota katika hadithi za Wagiriki wa kale. Kampuni ya viatu ya Marekani iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Blue Ribbon Sports ilivipa viatu vyake mwaka 1971 jina la Nike, mungu wa kike wa ushindi, na leo hata mtoto wa mtaa wa Makorora hapa Tanga analijua neno hilo bila kumjua mungu mwenyewe. Kijana akataka jina la namna hiyo, lakini lenye uhusiano na mkonge. Alipotafuta jina la kitaalamu la mmea wenyewe akakuta ni Agave sisalana: neno la pili limetokana na Sisal, bandari ya rasi ya Yucatán nchini Mexico, na la kwanza ni la Kigiriki, lenye maana ya mtukufu au mwenye heshima. Akakuta pia kwamba Agave alikuwa binti mfalme katika hadithi za Thebes. Mmea, heshima na binti mfalme vyote vikawa vimekutana katika herufi tano.

Usiku ule ule alisajili vikoa (anwani za tovuti) viwili, kimoja cha .co.tz na kimoja cha .com, kwa kuunganisha neno Agave na neno jingine, kwa kuwa neno lenyewe likiwa peke yake lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Siku tatu baadaye akapeleka mchoro kwa mchapishaji, zikatoka lebo 500 za kitambaa. Nikisema kweli, zilikuwa nzuri: herufi za kahawia juu ya kitambaa cha rangi ya krimu, na jani moja la mkonge limesimama pembeni.

Mimi niliitwa katika hatua hii, niwasaidie kusajili. Nililisoma jina, nikalipenda, nikaendelea na fomu. Hilo ndilo kosa langu, na nitalirudia chini.

Bi Mwenyekiti alipomtumia mnunuzi picha ya kapu lenye lebo, jibu lilikuja siku ya pili, la upole lakini lisilo na mzunguko. Mnunuzi aliuliza kama wanamjua Agave ni nani. Katika tamthilia ya Euripides, iliyochezwa kwa mara ya kwanza yapata mwaka 405 kabla ya Kristo, Agave ni binti wa Cadmus na mama wa mfalme Pentheus. Akiwa amepagawa na nguvu ya Dionysus, yeye na wanawake wenzake wanamkamata mwanawe huko mlimani na kumrarua viungo kwa mikono yao, kisha anarudi mjini na kichwa chake akiamini kuwa ni cha mwanasimba aliyemwinda. Ni baba yake anayemrudisha akili taratibu, hadi anapotazama alichokishika.

Jina hilo lilikuwa limeshonwa kwenye kapu la kulalia mtoto mchanga.

Bi Mwenyekiti aliniomba nimsomee ujumbe ule kwa Kiswahili. Nilipomaliza alikaa kimya, akalichukua kapu lililokuwa mbele yake, akakata uzi wa lebo kwa wembe na kuiweka mezani, maandishi yakiangalia chini. “Baba,” akamwambia yule kijana, “humo mulimokuwa mukisoma, hamukufika mwisho?”

Majina yaliyofuata

Baada ya hapo tulikaa watatu, Bi Mwenyekiti, kijana na mimi, kwa muda wa wiki tatu. Kijana hakukata tamaa na visasili. Alisema kosa lilikuwa la kuchagua hadithi mbaya, basi tuchague hadithi njema ya ususi.

Arachne ndiye aliyetushughulisha zaidi. Katika masimulizi ya Ovid, mshairi wa Kirumi, Arachne ni msichana wa kawaida wa Lydia aliyefuma vizuri kiasi cha kuthubutu kushindana na mungu wa kike wa ufumaji mwenyewe, ambaye Wagiriki humwita Athena. Kazi yake haikuonekana na kasoro. Ndipo Athena kwa hasira akaichana na kumpiga kwa kifaa cha kufumia, msichana akajitia kitanzi, naye akageuzwa buibui. Bi Mwenyekiti aliupenda mwanzo wake, kwamba fundi asiye na ukoo mkubwa alisimama mbele ya mwenye enzi akiwa na kazi yake tu mkononi. Safari hii lakini tulisoma mpaka mwisho, na mwisho ni mtu aliyeadhibiwa kwa kufanya kazi nzuri.

Kabla ya kuamua tulilijaribu jina kwa simu. Nilipigia watu kumi wa Tanga, Muheza na Dar es Salaam, nikalitamka mara moja tu na kumwomba kila mmoja aniandikie alichosikia kwa ujumbe mfupi. Daftari langu bado lina ukurasa ule: arakine, arakini, arakne, alakine, araknee, arakini tena. Wawili waliuliza kwanza kama ni jina la dawa. Aliyepatia ni mmoja, mwalimu wa bayolojia, ambaye amezoea kufundisha kundi la viumbe wenye miguu minane linalobeba jina hilo hilo. Kiswahili kwa kawaida hakikubali k na n zishikane bila irabu katikati, na ch yetu ni ya chai. Mtu anayelisikia jina hili kwenye redio au kwa jirani hataweza kuiandika anwani ya tovuti.

Kisha kukaja Mayahuel, mungu wa kike wa jamii ya mimea ya mkonge kwa Waazteki wa Mexico. Kwa asili ya mmea alifaa kuliko wote, lakini anahusishwa pia na pombe inayotengenezwa kwa utomvu wa mmea huo, na tulimwacha kwa dakika tano.

Tukageukia nyumbani. Kijana alimtaja Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu ambaye kwa masimulizi ya Wasambaa aliua simba huko Vugha, akapewa ufalme na kuanzisha ukoo wa Wakilindi. Hadithi hii ni kubwa na ni yetu wa mkoa huu, nami nilitamani ifae. Lakini ukoo huo upo, watu wake wapo, na hakuna hata mmoja kati ya wasukaji 11 aliyekuwa wa huko. Kuchukua jina la mwasisi wa watu walio hai na kulishona chini ya mkoba si sawa na kuchukua jina la Mgiriki ambaye hana tena waabudu. Isitoshe, kwa msomaji wa Kiswahili asiye wa Usambara, mbega ni kima mweusi mwenye mabega meupe.

Kikao cha barazani

Wiki ya nne Bi Mwenyekiti alisema jambo lililopaswa kusemwa siku ya kwanza: wenzake hawajaulizwa. Tulikutana alasiri barazani kwake, wanawake wote 11, singa zikiwa mapajani maana hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kijana alieleza kwa adabu majina yote na hadithi zake.

Msukaji mkubwa kwa umri, ambaye wote humwita Bibi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka. Kisha akasema, “Mjukuu wangu, mie kapu nalianza kwa Bismillahi. Halafu nije nilimalize kwa jina la sanamu?” Mwingine akaongeza juu ya Arachne kwamba katika Suratul Ankabut imesemwa nyumba iliyo dhaifu kuliko zote ni nyumba ya buibui, na akauliza ni mama gani atakayemlaza mwanawe humo. Hoja hizo mbili hazikuwa zimetupitia kichwani hata mara moja katika wiki tatu, ilhali sote watatu tulikuwa tumeketi katika nyumba ambamo adhana ya msikiti wa jirani husikika mara tano kwa siku.

Bibi ndiye aliyetoa jina. Alilitoa katika ngano aliyosimuliwa na bibi yake, ya kizee anayemlea mtoto asiye wake. Jina lina silabi tatu, kila silabi inaishia kwa irabu. Tulimwuliza kama ni jina la mzimu wowote unaotambikiwa au la ukoo wowote, akasema si la ukoo wala la mzimu, ni la kizee wa hadithini. Tulimwomba pia aisimulie ngano yote hadi mwisho, naye akaisimulia, na mtoto anakua. Kati ya wale watu kumi wa simu, tisa waliliandika sawasawa.

Maamuzi na matokeo

Safari hii tulifuata mpangilio tofauti. Kwanza tulitafuta katika mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama kuna jina linalofanana nalo, iwe ni la biashara, la kampuni au alama ya biashara. Pili tulitafuta kikoa. Cha .co.tz kilikuwa wazi, tukakichukua. Cha .com kilikuwa mikononi mwa mtu anayefanya biashara ya kuuza vikoa, na bei aliyoitaka ingemeza faida ya kikundi ya miezi mingi. Bi Mwenyekiti alikataa, nami niliunga mkono, kwa sababu mnunuzi wa kapu huletwa na picha au na mtu aliyekwisha kununua, na ni nadra abahatishe anwani. Tatu tulisajili jina la biashara, na nne tukaomba alama ya biashara katika madaraja (makundi ya bidhaa) mawili: la 18, lenye mikoba, na la 20, ambamo huingia vitanda na makapu ya kulalia watoto. Daraja la 27, la mikeka na mazulia, liliachwa kwa kukosa fedha, maana kila daraja lina ada yake.

Mnunuzi alilikubali jina, hasa alipopelekewa ngano yenyewe kwa mistari michache ya kuchapwa kwenye kadi ndogo inayofungwa kwenye mshikio. Hata hivyo oda ya kwanza ilichelewa. Makapu yaliyokusudiwa kufika kabla ya Krismasi yalifika mwaka mpya, na mnunuzi alipunguza idadi. Gharama ya lebo 500 ilipotea pamoja na ada ya vikoa viwili. Upande wa chapa, mteja mmoja wa nje huandika jina kwa kurudufisha herufi ya katikati, na barua pepe zake mbili hazikufika. Kikundi kimelazimika kuongeza kikoa kingine chenye makosa hayo hayo.

Uchambuzi

Kijana hakukosea kuvutiwa na visasili. Jina la hadithi ya kale huja likiwa na sura, sauti na kumbukumbu, wakati jina la kutunga huanza likiwa tupu. Lakini haliji nusu. Nike imefaa kwa sababu hakuna sehemu ya hadithi yake inayogombana na kiatu cha mkimbiaji. Kwa Agave ugomvi haukuwa na jina pekee. Ulikuwa kati ya jina na bidhaa. Kama kikundi kingekuwa kinauza kamba za meli, nina hakika mnunuzi asingeandika, maana watu wengi wakisikia neno hilo huufikiria mmea. Kapu la mtoto mchanga ndilo lililomwamsha yule mama wa Thebes. Swali la kuuliza, basi, ni namna hadithi inavyosomeka ikiwekwa juu ya kitu hiki hiki kinachouzwa, mbele ya mteja huyu huyu. Na hadithi haiko salama hata ikiwa njema, kwa kuwa dunia huweza kulichafua jina baadaye: huduma moja ya malipo kwa simu ya Marekani iliyoitwa Isis, jina la mungu wa kike wa Misri ya kale, ililazimika kubadilishwa kuwa Softcard mwaka 2014, baada ya herufi hizo kuwa jina la kundi la wapiganaji.

Jaribio la simu lilitusaidia sana, na linagharimu salio dogo. Jeff Bezos aliisajili kampuni yake ya mauzo ya mtandaoni mwaka 1994 kwa jina la Cadabra, akalibadilisha baada ya mwanasheria kulisikia kwenye simu kama neno la Kiingereza la maiti. Ndipo likaja jina la mto Amazon. Hata hivyo sikio pekee halitoshi: nilipolijaribu baadaye neno Agave kwa watu wale wale, wote kumi walilipatia. Kwa wanaochukua majina ya Kiswahili au ya lugha zetu za mkoa kuna jambo la ziada, kwamba jina la kikoa la kawaida hupokea herufi, tarakimu na kistari tu. Mmoja wa wasukaji alikuwa amependekeza Mng’aro. Kwenye anwani lingekuwa mngaro, na anayelisoma hapo hasomi tena neno lile.

Kuhusu haki, kijana aliamini kwamba akishalipia kikoa jina ni lake. Si hivyo. Kikoa ni anwani uliyopangishwa kwa muda. Jina la biashara lililosajiliwa linaeleza nani anafanya biashara kwa jina gani, bila kumzuia mwingine kuligonga kwenye bidhaa. Kinachompa mtu nguvu hiyo ni alama ya biashara, ambayo Tanzania Bara hudumu miaka 7 tangu kuombwa na kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na ambayo haivuki bahari kwenda Zanzibar, kwa kuwa huko kuna usajili wake. Hapa ndipo Agave ingeanguka hata kama Euripides asingeandika neno. Alama inatakiwa iitofautishe bidhaa ya mtu na za wengine, na jina la mmea wa mkonge juu ya bidhaa ya mkonge halitofautishi chochote. Ni sawa na mvuvi kutaka neno “samaki” liwe lake peke yake. Kazi yangu ilikuwa kuliona hilo kabla ya fomu ya kwanza, na sikuliona kwa sababu lebo ilinipendeza.

Kosa lililotugharimu muda mwingi zaidi ni la kutouliza wasukaji mapema. Tuliwachukulia kuwa watu wa kuletewa jina, wakati wao ndio wanaolishona, na ndio wanaolitaja jirani anapouliza wanafanya kazi wapi. Pingamizi la Bibi lingeweza kuonekana kuwa ni la imani tu na kwa hiyo la kuwekwa kando kwa heshima. Mimi silichukulii hivyo. Mtu anayeona haya kulitaja jina la chapa yake hataitangaza, na katika biashara ya wanawake 11 hakuna mtangazaji mwingine. Baraza lile lilichukua alasiri moja. Wiki tatu zetu hazikuzalisha jina hata moja lililobaki.

Vikoa viwili vya zamani bado viko hai. Kijana alishauri viachwe vife, lakini baadhi ya makapu yalikuwa yameondoka na lebo za kwanza kabla ya jibu la mnunuzi kufika, kwa hiyo tumevielekeza kwenye tovuti mpya kwa mwaka mmoja zaidi. Lebo zilizobaki Bi Mwenyekiti anazitumia upande wa nyuma kuandikia bei na namba ya msukaji, akizifunga kwa uzi wa singa kwenye mikoba inayouzwa hapa hapa mjini. Za makapu ya watoto alizitenga, akazichoma.